Ukuta Mweusi wa Sebuleni Kwetu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ututoke, na leo tunakuja kwako na uchungu mara mbili.

Chuo kikuu cha taifa kilipokuwa jina tu, hakina hata banda, wewe ulipaka ukuta wa sebule yetu rangi nyeusi, ukatoa makochi uani, ukasema, "Darasa ndilo hili." Wanafunzi wa kwanza walikaa sakafuni. Sisi tulikula jikoni kwa kunong'ona, na bado ulipiga kelele: "Mama watoto, funga mlango, vitunguu vyako vinaniharibia darasa!"

Mwenzako mliyeanzisha naye chuo ulimwita Pacha. Alikula kwetu miaka nenda miaka rudi, akimwita Mama shemeji.

Chuo kikakua. Yakaja mabweni, maktaba, maabara, na lango lenye walinzi wanaotuuliza tunakwenda kwa nani. Kiwanja chetu ulikipa chuo bure, kwa neno la Pacha kwamba nyumba itabaki ya Mama. Wewe ulibaki na chaki mfukoni, ukiwasindikiza wanafunzi hadi barabarani huku bado unafafanua. Mama aliuonea haya ule ukuta, akaufunika kwa kitambaa. Ukiingia tu, unakifunua.

Siku ya kukuzika, Pacha, sasa mkuu wa chuo, aliweka mkono juu ya jeneza lako. "Shemeji, nyumba ile haiguswi. Ndiko tulikoanzia." Tulimwamini. Jamani, tungemwamini nani tena?

Hata matanga hayajapoa vizuri, tingatinga likaja. Mama alikuwa bado anatoa vyombo. Pacha hakushuka garini. Alimtuma dereva aseme ni kwa maendeleo ya chuo.

"Mwambie mkuu wako," Mama akajibu, "hicho chuo mimi ndiye niliyekipisha sebuleni."

Leo pale wageni wanaegesha magari. Ametusaliti, Baba. Tunalisema hadharani kwa sababu wewe ungemstahi.

Juzi Mama alimwita fundi rangi kwenye nyumba tuliyompangia. Akamwonyesha ukuta wa sebule. "Huu. Mweusi." Kile kitambaa chake amekifanya cha kufutia chaki.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe zako, wajukuu wanaojifunzia hesabu ukutani, na wanafunzi wako wa sakafuni waliokuja kutubebea vyombo. Pacha hayumo.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau daima.