Upande wa Pili wa Pejo

Buyenzi, Bujumbura
Januari 1969

Kaka yangu mpenzi Majid,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Ghanima na watoto mkiwa wazima huko Bukavu, na kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha. Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Mvua haitupi nafasi, lakini duka linafunguliwa kama kawaida.

Ila Baba hatulii, na mimi pia situlii. Unakumbuka alivyokuwa akiosha Pejo yake Ijumaa asubuhi, kabla ya sala. Sasa anaiosha kila siku, hata mawingu yakiwa yamefunga. Anasugua matairi kwa burashi, anakausha, anapaka nta, halafu anaizunguka akiipapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nikimwambia apumzike, anasema vumbi ya Buyenzi haipumziki.

Siku moja aliniita niione kazi yake, akasema inang'aa kama kioo. Upande wa dereva uling'aa kweli. Upande wa pili nta ilikuwa imekauka, nyeupe, haijaguswa na kitambaa, na nyingine ilikuwa imepakwa kwenye kioo cha mbele. Huyu ndiye Baba aliyekuwa akikurudisha nje ufute alama ya kidole kwenye mlango wa gari. Nikamwambia, ndiyo Baba, inang'aa. Alipoingia kutawadha nikachukua kitambaa nikafuta haraka haraka. Tangu hapo, akiingia ndani, namalizia mimi.

Baadaye tulikuwa tunatoka sokoni, yeye akiendesha. Mama Mawazo, yule Mkongomani anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye kona yetu, alikuwa anavuka na beseni kichwani. Baba hakupunguza mwendo. Nilipiga kelele, akakanyaga breki, ndagala zikamwagika barabarani. Mama Mawazo hakuumia. Alimtazama Baba, akamwambia kwa upole, "Mzee, we hukuniona?" Baba akajibu kwamba jua lilimpiga machoni. Majid, jua halikuwepo.

Jioni ile nilimwomba anifundishe kuendesha. Nilijua atakataa. Alichezea tasbihi yake, kisha akanipa ufunguo. Tukaanza kwenda barabara ya Buterere, kati ya mashamba ya mpunga. Watu wa msikitini wamesema sana. Baba mdogo Jaffar alikuja kuuliza kama wanaume wamekwisha humu nyumbani. Baba alimjibu kwamba gari ni yake na mtoto ni wake, akamwagizia chai.

Juzi, mimi nikiwa kwenye usukani, tulipokaribia daraja la Ntahangwa, alishika goti lake akauliza kwa sauti ndogo, "Nafisa, mutoto wangu, niambie kilichoko mbele." Nikamtajia: lori la ndizi, baiskeli, askari ameinua mkono. "Na sasa?" Nikamwambia ameturuhusu. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, mimi nikitaja, yeye akiitikia, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Kaka, Baba haoni. Jicho la kushoto limezimika kabisa, na la kulia sasa linaona vivuli tu. Daktari alimwonya tangu kabla ya Ramadhani, naye akanyamaza. Usiku uleule wa daraja ndipo aliponieleza, akaniomba nisikuandikie, maana anaogopa utamchukua umkalishe kwako kama mgonjwa. Nilimwahidi. Leo nimeivunja ahadi hiyo kwa sababu umemwomba aje Bukavu na gari wakati wa Idi, naye amekwisha kukubali, na kila asubuhi anazungumzia safari.

Sina nguvu ya kumnyima. Permi yangu ya kuendesha nimeipata wiki hii, kwa hiyo tutakuja, na usukani nitaushika mimi, hata kwenye zile kona za mlima wa Ngomo ambazo nikiziwaza usingizi unakatika.

Yuko mlangoni sasa, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Ghanima habari za vitambaa. Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na wazee wote wanaotuulizia wape salamu zetu.

Tukifika, nakuomba usiulize kitu mbele ya watu. Mfungulie mlango kama mgeni wa heshima, mshike mkono kama unayemsalimu, na usiuachie mpaka akae.

Dada yako akupendaye,
Nafisa