Mlango wa Bibi na Leseni ya Mama

Jumatano, Mlandege.

Mvua ilianza kabla hatujaamka, na sasa ni alasiri na haijakata. Juu ya bati inapiga kiasi kwamba nyumba nzima imekuwa kiziwi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la kimea chumbani kwa Bibi. Mbele yangu, kwenye ukuta wa nyuma, kuna mchoro wa mkaa wenye umbo la mlango. Fundi Sanga aliuchora asubuhi. Akainua sururu, akamwona Bibi anamtazama kutoka kitandani, akaishusha. Alisema atarudi mvua ikikatika. Si mvua iliyomfukuza.

Kesho bwana afya anakuja kukagua. Keshokutwa baraza la leseni linakaa Boma. Mlango wa zamani usipokuwa umezibwa kwa tofali, kilabu cha Mama kitafungwa, na sisi hatuna shamba, hatuna ng'ombe, hatuna baba.

Ngoja niandike kwa utaratibu, labda nikiandika nitaona njia.

Nyumba hii ina vyumba viwili. Cha mbele ndicho kilabu, na hiki cha nyuma ndicho tunacholala, Bibi, Mama na mimi nikiwa likizo. Hakina mlango mwingine isipokuwa ule unaotokea kilabuni. Babu alijenga hivyo zamani, Mlandege ikiwa bado mashamba, naye hakujua kwamba siku moja mjane wa mwanawe atauza ulanzi, pombe ya mianzi, sebuleni kwake.

Mwaka huu masharti ya leseni yamekuwa mengi. Mama alinituma nimsomee nilipofika tu kutoka Mbeya, hata matope ya Nyololo, tulikoshuka wote kusukuma basi, yalikuwa bado miguuni. Sakafu iwe ya saruji. Choo cha wanaume na cha wanawake, mbalimbali. Maji ya kuoshea vikombe yawe na mfuniko. Asiuziwe mtoto, asiuziwe askari aliyevaa sare, pombe isitolewe kabla ya alasiri, na jua likizama watu watoke. Mama alikuwa anaitikia kila sharti kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri anayoyakubali. Sakafu alishaimwaga. Choo cha pili alishachimba, mwenyewe, na jembe. Kisha nikafika kwenye sharti la mlango.

Mahali pa kuuzia pombe pasiwe na mlango wala tundu lolote la kupitia kwenda chumba wanacholala watu.

Nilisoma mara ya pili, taratibu, nikitumaini kwamba maneno yatabadilika.

Mama alisema si tatizo, tutaziba pale na kutoboa nyuma. Mlango mpya utatokea uani, karibu na jiko. Alisema tena kwamba mchungaji sasa ataweza kuja kumpa Bibi ushirika, maana kila akija hukomea barazani kwa sababu hawezi kupita katikati ya walevi. Alikuwa na furaha kidogo. Alizungumza kwa sauti ili Bibi asikie, akidhani anampa habari njema.

Bibi aligeukia ukutani.

Sikuelewa siku ile. Nimesoma miaka yote hii, naweza kuchora ramani ya mito ya Ulaya bila kutazama, lakini mambo ya nyumba hii sikuyajua. Mama ndiye aliyenieleza baadaye, huku akichuja pombe ya ulezi na kukwepa macho yangu. Kwa kina Bibi, mwanamke hutoka kwa mlango alioingilia. Aliletwa kama bibi harusi kupitia ule wa mbele, na siku yake ikifika atapitishwa palepale. Anayetobolewa ukuta ni yule ambaye kifo chake ni aibu, aliyejinyonga au mwenye ukoma, ili kizingiti kisimkumbuke. Na sasa Bibi anaumwa, hawezi kusimama, na watu wa nyumbani mwake wanatoboa ukuta mgongoni mwake. Ubatizo alioupata uzeeni haukuliondoa hilo. Nadhani hakuna aliyemwuliza.

Nilifikiri tumpeleke kwa jirani kwa muda. Hataki kufia kwa watu.

Jana nilikwenda Boma. Nilivaa gauni la chuo na viatu, nikasimama mbele ya karani na kumweleza kwa Kiswahili changu kizuri kwamba kuna mgonjwa, kwamba tupewe muda, kwamba tutapiga misumari mlango wakati wa biashara. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinipa moyo bure. Akasema misumari hung'olewa. Akasema wauza pombe wote wana bwana mgonjwa au mtoto mgonjwa chumba cha nyuma, na jua likizama mgonjwa huyo ndiye anayepitisha vikombe.

Nikasema wetu ni bibi kizee.

"Sheria haina bibi wala babu, dada," akasema, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana nilishindwa hata kumchukia. Nilirudi kwa miguu kupitia sokoni na sikumwona mtu.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Tangu jana jioni kuna wazo linalokaa na mimi. Bibi akifa kabla ya keshokutwa, kila kitu kinanyooka. Atatoka kwa mlango wake, kwa heshima, fundi ataziba, Mama atapata leseni, nami nitarudi chuoni. Sikulitafuta wazo hili. Lilikuja kama hesabu inavyokuja yenyewe ukishajua kanuni.

Na jambo baya zaidi: nadhani Mama analo pia. Tumekuwa tunapishana humu ndani kama wageni. Nikiinua macho, anainamisha yake.

Mimi niliyeahidi shuleni, mbele ya wenzangu wote, kwamba pombe haitagusa mdomo wangu. Mimi niliyekuwa nikisema mama yangu ni mkulima. Ulanzi ndio ulionisomesha, na Bibi ndiye aliyekuwa akiupima siku ambazo Mama alikuwa na homa. Na leo nimekaa hapa nikimpimia yeye siku.

Asubuhi, fundi alipokuwa akichora, kilabu hakikuwa kimefunguliwa lakini Mzee Burma alikuwa keshafika barazani, anakwepa mvua. Tunamwita hivyo kwa sababu alipigana huko, na kila pombe inapopanda anapigana upya. Ukuta wetu ni mwembamba, shida zetu wateja wanazijua kuliko sisi. Akapaza sauti kwamba wanawake wa nyumba hii hawana akili ya vita.

"Mtoeni huku mbele, mzungusheni nje, mkamwingize kwa huo mpya. Ataingia bibi harusi. Posa natoa mimi, mbeta moja."

Wengine wawili waliokuwa naye walicheka hadi wakakohoa. Mama alitoka na ufagio, akamwambia aende akacheke na mkewe. Mbeta ni kile kikombe cha kipande cha mwanzi tunachouzia ulanzi. Kumposa mwanamke anayekufa kwa kikombe cha ulanzi.

Fundi akaondoka. Mama akaenda kungoja wenye ulanzi wanaoteremka kutoka vijijini, maana mianzi haingoji baraza la leseni, ikishakatwa inatiririka. Mimi nikabaki na Bibi na bakuli la uji.

Aliniambia niuweke, atakunywa ukipoa. Ndivyo amekuwa akisema kila siku, na bakuli tunalikuta tupu. Nikaona nipangepange vitu chini ya kitanda kwa sababu maji yalikuwa yanaanza kuingia. Kuna mbeta kuukuu anayotemea mate. Niliinua nikaona ni nzito. Nyuma yake kulikuwa na nyingine, na nyingine.

Zote zimejaa uji. Wa chini umeshachachuka, una povu, kama pombe.

Nilikaa chini palepale kwenye unyevu. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu kwa nini, ingawa nilikuwa ninajua, nilijua tangu jana, ni mimi niliyefanya hesabu hiyohiyo.

Bibi alinitazama bila haya yoyote. Uso wake umekuwa mdogo, macho ndiyo yamebaki ya ukubwa uleule.

"Nikitoka kabla ya baraza lenu, mlango wangu nitakuwa nimeutumia," akasema. "Mzibe. Mama yako apate karatasi yake."

Alisema kama anavyosema niepue chungu.

Nadhani nililia, na sipendi kulia mbele ya watu. Nilimwambia kwamba hakuna leseni inayotaka hivyo. Akasema leseni haijui inataka nini, ni watu wanaojua. Nilimwambia nitaacha chuo, nitauza maandazi sokoni. Akafumba macho. Nilikuwa ninasema maneno ya mtu aliyesoma, yaani mengi.

Ndipo, kwa kukosa kingine chochote mdomoni, nikamwambia kwamba ana mchumba.

Alifumbua jicho moja.

Nikamweleza maneno ya Mzee Burma. Yote, pamoja na kuzungushwa nje na kuingizwa kwa mlango mpya. Nilianza kwa uchungu, lakini nilipofika katikati sauti yangu ilianza kubadilika, kwa sababu nilikuwa ninasikia kile ninachosema. Kama mwanamke hutoka kwa mlango alioingilia, basi atoke kwa ule wa zamani akiwa hai, kwa macho yake, watu wakimwona. Kisha aletwe upya. Wa nyuma utakuwa ndio mlango alioingilia. Siku yake ikifika, hata iwe mwaka gani, atatoka kwa mlango wake.

Bibi alilifumba tena lile jicho. Nilidhani amelala. Nilidhani mabaya zaidi ya hapo.

"Mbeta moja," akasema. "Hiyo ni posa ya kuku."

Mungu anisamehe, nilicheka. Naye kifua chake kilikwama katika kitu kilichotaka kuwa kicheko, kikawa kikohozi, nikamshika mpaka kikapita. Kisha akaanza kutoa masharti, na nakiri aliyatoa kama Boma. Atoke mchana, si alfajiri kama mwizi. Wateja wasimame, kofia mkononi. Burma atoe mbeta ya ulanzi na imwagwe yote kizingitini kabla ya tofali la kwanza. Na anayemwingiza kwa mlango mpya awe Mama, amshike mkono, kwa sababu Bibi alipoletwa hapa aliyemshika mkono alikuwa mama mkwe wake.

Mama aliporudi nilimweleza uani, mvua ikitunyeshea wote wawili. Nilimwonyesha pia zile mbeta. Alizitazama, akaketi juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza tangu nije likizo akanitazama machoni na hakuinamisha. Hatukuambiana kile tulichokuwa tumekiwaza. Hakukuwa na haja. Alisema tu kwamba ulanzi huo wa kizingitini utamwagwa saa ambazo kilabu hakiruhusiwi kutoa pombe, hata tone, hata bure, na bwana afya anaweza kutokea wakati wowote.

Kisha akaenda mwenyewe kumwita Fundi Sanga kwa ajili ya kesho, na kumpa Mzee Burma masharti yake.

Bibi amekunywa uji. Kidogo, na nilisimama hapo hadi akameza. Sasa amelala, anapumua kwa shida, pumzi inaingia kama inabisha hodi. Mikono yake ni ya baridi. Nimeifunika kwa shuka langu la chuo.

Ukuta unavuja, na mchoro wa mkaa umeanza kuchuruzika, mlango mpya unalia kabla haujafunguliwa. Sijui kama tofali hizi mbichi zitashika na unyevu huu. Sijui kama bwana afya atakubali ukuta ambao udongo wake haujakauka. Kutoka mbele hadi nyuma ya nyumba, kwa kuzunguka, ni njia fupi ambayo nilikuwa ninaikimbia nikiwa mtoto. Kesho, katika mvua na baridi hii ya Iringa, itakuwa ndefu kuliko barabara ya Mbeya. Kifua kile hakiwezi. Labda hakiwezi. Sijui.

Yeye akifia katikati, nje, kati ya mlango mmoja na mwingine, atakuwa ametoka kwa mlango gani?

Sijamwuliza. Naogopa kwamba amekwisha kuwaza, na kwamba amekubali.

Kitanda chake tutakibeba watu wanne, mimi na wale watatu wa barazani. Nimewaambia upande wa kichwa ni wangu, ili niusikie moyo wangu mwenyewe utakavyosema tukivuka kizingiti. Kwa sababu tangu jana siujui. Kesho nitajua jambo moja tu, na nalihofia kuliko bwana afya: ninamtoa Bibi ili aishi, au ninamtoa ili ile hesabu itimie?