Kuna na Hakuna

Kaka Fidelis, popote ulipo,

Mama anataka tuweke msiba wako. Tangu uage kwenda kutafuta kazi Mwanza, miaka sasa, simu yako haipatikani, na mimi nakuandikia kwa hasira, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwa nini nisikubali.

Unakumbuka Makere, tukipukuchua mahindi na marehemu baba akitega vitendawili kwa Kirundi cha kwao? Anaita "Sokwe!", tunaitikia "Niruze!", kama vile "Kitendawili!" na "Tega!" Siku moja Zuhura, mtoto wa mwenye duka wa Kasulu, alikuwa mgeni kwetu. Akadhani baba kamwita sokwe, akaangua kilio, anataka kwao Kasulu. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Baba alipombembeleza kwa kipande cha muwa, ukaninong'oneza: "Dina, jibu ukiambiwa unaona kabisa ndilo. Kazi ni kulipata."

Ulipokuja likizo kutoka chuo cha kompyuta ukaniambia wataalamu wa dunia nzima wamekwama hapo hapo. Je, kutafuta ni kugumu kweli kuliko kukagua, au hatujapata ujanja tu? Hakuna aliyethibitisha. Ukachora vijiji kwenye vumbi kwa kijiti. Ipo njia ya kuvipitia vyote, kila kimoja mara moja tu? Mtu akikupa njia, unaikagua huku unakunywa chai. Akisema haipo, atakuonyeshaje? Ukasema ugumu wa swali huwa tayari umo kwenye umbo la sentensi yake, kabla hata mashine haijawashwa. "Kuna" inatosheka na shahidi mmoja. "Hakuna" inakudai upite kote. Nilikupenda sana siku ile, na ndiyo maana leo nafundisha hisabati hapa Kibondo.

Sasa maneno hayo mawili yamenifungia ndani. Ungepiga simu mara moja tu ukasema "Dina", ingetosha. Tumeuliza hospitali, stendi, polisi, kote wanasema hapa hayupo. Lakini "hapa hayupo" hata zikiwa nyingi namna gani, hazijawa "hayupo". Nilipewa uhamisho nikaukataa, nikiogopa utakuja unikose. Mama hapa kwangu kila pikipiki ikikata kona anasimama, kisha anakaa tena, na chakula chako bado anakibakiza. Nimechoka, kaka. Nimekuchoka hata wewe.

Juzi nilimweleza mama tena kwamba hatuna uthibitisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi sikuombi hesabu. Naomba kulia."

Baba hayupo, neno la mwisho lilikuwa langu, na ndugu wa Rungwe Mpya walikuwa wananisubiri mimi. Jana nimewapigia, nimesema waje Jumamosi. Uthibitisho sina, na huenda nisiupate maisha yangu yote.

Ukipita ukakuta turubai uani na watu wameinama, ingia tu. Usiulize nani kafa.

Ni mimi, mdogo wako.