Safari ya Kuja Kwako Unguja

Endasak, Hanang

Mwanangu Paskalina,

Marahaba, najua umeniamkia. Mahindi yamebeba vizuri na ng'ombe wetu mwekundu amezaa.

Maelekezo yako ya safari yamenichanganya. Unasema nisile kitu kabla ya kupanda boti, nisije nikatapika. Mwalimu Evelyne, aliyetoka Tanga, anasema wenye njaa ndio wanaotapika zaidi. Bandarini nionyeshe kitambulisho, mfuko wa plastiki nisibebe, mabega nifunike. Hayo nimesikia. Lakini kila nikiuliza kwa nini nije, simu inakatika, ndiyo maana nampa Marko barua hii, anarudi kazini huko.

Jana nilipopiga, alipokea jirani yako. Akasema, "Mama, Paskalina amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto ni mzima, ila mwenzetu bado hawezi kusimama."

Mtoto gani, mwanangu? Mbona hukuniambia hata mimba? Nilikaa chini pale pale kwenye maharage.

Baba yako alisikia. Tangu uolewe na Rashidi bila kumwambia, hajawahi kukutaja. Alipanda pikipiki hadi Katesh, akarudi na tiketi mbili za basi na blanketi zito la mtoto.

Nikamuuliza, "Baba Paskalina, unaenda kumgombeza au kumwona?"

Akasema, "Mtoto mchanga anasikia baridi."

Nikamwambia kisiwani ni joto.

"Hata usiku?"

Nikalikunja blanketi, nikalifunga kwenye mizigo. Tunakuja wote.

Ni mimi mama yako,
Hilaria