Nyumba Isiyo na Sukari

Langoni, 3 Novemba

Wifi yangu,

Nakusalimu nikiwa nimekaa, jambo ambalo kazini kwangu ni la bahati. Miguu imevimba kidogo, mengine mazima. Kiuno chako kinaendeleaje na hiyo cherehani?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mama atasikia kila neno, na nyumba yako ni vyumba viwili tu. Atafika Jumamosi na dereva wetu wa lori. Kliniki yake ya kisukari iko karibu na kwako. Mimi hapa nalinda ghala, nalala kwenye kibanda cha mabati na walinzi wenzangu wawili, sina pa kumweka. Najua sikuwa na haki ya kukuomba. Kaka yangu alikuacha, mwaka wa nne sasa, na hata hajui kwamba mama yake anajichoma sindano. Ungesema hapana nisingekulaumu. Hukusema, Mungu akuzidishie.

Sasa nisikilize. Toa sukari yote ndani ya nyumba. Usiifiche, itoe. Mama ana pua ya paka kwa vitu vitamu. Toa asali, jemu, biskuti, soda, hata pipi za kikohozi. Majirani nao waambie. Sindano ya jioni anajichoma saa kumi na mbili kamili, hiyo hakosei, nesi alishamtisha. Ni miezi mitatu tu.

Wifi yako wa langoni

16 Novemba

Wifi wa langoni,

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi nimechoka, ila uchovu wangu unaujua, ulinikuta nao.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona umenihamishia lango lako jikoni. Nimetii. Kopo langu la sukari nimempa jirani muuza mkaa, nikamwambia asimpe mama hata akilia. Na mimi nakunywa chai kavu, maana nitakorogaje sukari mbele ya mtu anayekitazama kijiko?

Kupika ndiko kunakonimaliza. Nesi alisema wali usizidi ngumi moja na nusu ya sahani iwe mboga. Mama akauliza, ngumi ya nani? Yake ni kama limau. Akapendekeza tupime kwa ngumi ya mwanawe, huyo ana mkono mkubwa. Tulicheka, kisha kila mtu akarudi kwenye sahani yake. Naamka saa kumi alfajiri, nachemsha maharage, nakata mboga, namwachia cha mchana na cha jioni vimefunikwa, halafu ndiyo niende kushona.

Halalamiki kitu. Yule aliyewahi kusema wali wangu ungefaa kuzibia nyufa za ukuta, siku hizi anasema asante kila anapoinuka mezani. Inaniumiza kuliko yale matusi.

Jambo moja tu. Cha jioni hakigusi mpaka nirudi. Nikimwambia atangulie, anasema hawezi kula chakula cha mtu mwenyewe akiwa hajaingia. Kwa sasa nafika saa kumi na mbili na dakika chache, basi tunakula pamoja. Ila bosi ametuonya, Desemba ni msimu wa sare za shule, tusihesabu saa.

Wifi yako, fundi

28 Novemba

Wifi yangu fundi,

Za kwako na kiuno? Mimi mafua, lango halina ukuta wa kuzuia upepo.

Umefanya vizuri kuliko ningefanya mimi. Nimekuongezea nguvu kidogo. Mwenye duka la pembeni yenu nimempigia mwenyewe, namba alinipa dereva. Nimemwambia asiuze kitu kitamu kwa mtu yeyote wa nyumba hiyo, na akiuza nitakuja na rungu langu. Alicheka, lakini aliapa.

Kuhusu kusubiri, mwache. Ndiyo malezi yake. Baba alipokuwa hai hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla baba hajaingia. Akifanya hivyo kwako ujue anakuheshimu, na heshima hiyo unamdai siku nyingi.

Wifi yako wa langoni

22 Desemba

Wifi yangu,

Salamu. Najua ni msimu wa sare, sikulaumu kwa kukawia. Lakini nikipiga simu mama anasema "tuko salama" kwa sauti ambayo si yake, na wewe kila siku uko bafuni. Mtu mmoja hawezi kuoga kiasi hicho. Niandikie hata mistari miwili.

Wifi yako wa langoni

6 Januari

Wifi,

Sitaulizia afya yako leo. Dereva amerudi jana. Anasema jirani yenu muuza mkaa amemwambia kwamba mama yangu alibebwa mwezi uliopita, amelegea, mpaka kliniki. Mwezi uliopita. Nami ninaambiwa na dereva, tena wakati anafungua turubai.

Umemfanya nini mama yangu? Kama ni hasira zako kwa kaka yangu, mngemalizana huko nyie wenyewe. Nimeongea na mjomba, yuko tayari kumchukua. Nijibu nijue namtuma dereva lini.

Wifi yako

11 Januari

Wifi yangu,

Sisi wazima. Naanza na hilo ili mengine uyasome umekaa. Mama anakula, anatembea, asubuhi kafua kitambaa chake mwenyewe.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Kila nikishika kalamu nafika kwenye tarehe, naishia hapo.

Ilikuwa tarehe tisa Desemba. Bosi alituongezea mzigo wa sare wakati tunafunika mashine, nikatoka saa moja na nusu. Nilifika nimechoka mpaka nikaanza kutafuta ufunguo na mlango uko wazi. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, sahani mbili mezani zimefunikwa. Nikamwamkia. Akanitazama kama mgeni, akasema, "Wewe mwanamke, bado upo? Toka kwenye nyumba ya mwanangu."

Wifi, maneno hayo alishawahi kuniambia zamani, akiwa na akili zake zote. Nikasema moyoni, kumbe asante zote zile zilikuwa za mdomoni. Nilitoka nje, nikapindua ndoo ya mkaa, nikaikalia, nikalia. Nilimwacha peke yake robo saa nzima. Hiyo robo saa ndiyo iliyonifunga mkono nisikuandikie.

Jirani muuza mkaa ndiye aliyeingia kumsalimu, na ndiye aliyetoka mbio kuniita. Mama alikuwa amelowa jasho kama aliyemwagiwa maji, mikono inamtetemeka. Ilikuwa sukari imemshuka mwilini, ndiyo iliyomvuruga maneno. Alijichoma sindano saa kumi na mbili kama alivyoagizwa, chakula kikiwa mbele yake, akakaa kunisubiri, na sindano hiyo hushusha sukari, inataka chakula papo hapo. Jirani akasema lete sukari haraka. Sukari gani, wifi? Kopo langu alishalimaliza, na yake alikuwa hajanunua. Nikakimbilia dukani. Mwenye duka akagoma, akasema ameapa kwa mwanamke mwenye rungu, akadhani mama kanituma kwa ujanja. Nikachukua soda kwenye rafu bila kumsikiliza, nikarudi nayo. Tulimnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka akauliza kwa nini nina mkaa usoni. Ndipo tukambeba.

Nesi aliniuliza swali moja tu, "Mtu wa sindano mnamwekaje kwenye nyumba isiyo na sukari?"

Tangu hapo nimemwomba bosi aniachie saa kumi na moja, kazi nyingine nashonea nyumbani. Ameniachia mpaka mwisho wa mwezi tu.

Mama hakumbuki alichoniambia. Mimi sijamwambia, na wewe usimwambie. Ukitaka kumpeleka kwa mjomba, mpeleke. Nitamfungia nguo zake vizuri.

Wifi yako, fundi

24 Januari

Wifi yangu,

Kwanza nisamehe kwa ile barua. Pili, nambie umelala.

Yako niliisoma nimesimama, na lori lilinipigia honi langoni sikusikia. Nimeirudia mpaka naijua. Aliyesema sukari itoke ni mimi. Aliyemtisha mwenye duka ni mimi. Aliyesema mama aachwe asubiri, ni heshima, ni mimi huyohuyo. Wewe ulikaa nje robo saa. Mimi niko nje mwaka wa tatu, nikitoa amri.

Mjomba nimemwambia asubiri kwanza. Lakini miezi mitatu inakwisha, na hukuolewa upya na ukoo wetu. Ukisema umefika mwisho nitaacha kazi nije nimchukue, bila kinyongo. Ukisema abaki, basi hilo la kusubiri limalize wewe. Mimi nikimwambia kwa simu anasema ndiyo, na ndiyo ya mama naijua. Bosi akikurudisha kwenye saa zile ndefu, siku moja atatufia akiwa na adabu zake.

Wifi yako wa langoni

9 Februari

Wifi wa langoni,

Nimelala, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Mafua yako yameisha?

Kopo la sukari limerudi. Liko kichwani kwa kitanda cha mama, na analilinda kuliko wewe na ghala lako. Juzi nilichota kijiko cha chai yangu, akaniuliza nimepewa na nani.

La kusubiri lilinitoa jasho. Nilimwambia mara tatu, akaitikia mara tatu, na akasubiri mara tatu. Ya nne nikamuuliza kwa nini hasa. Akasema, "Mwanangu alikuacha na njaa. Mimi nitashibaje kabla yako?" Wifi, sikujua kama anaijua njaa yangu. Nililia mbele yake, safari hii sikwenda kwenye ndoo. Nikamwambia, ukinifia mezani utakuwa umeniacha na wewe pia, na wa pili sitamstahimili. Alichukua sufuria akaanza kuikwangua.

Bosi aliniongezea wiki moja, na jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudishwa kwenye saa ndefu za sare. Nilifika saa mbili kasoro, nimebana soda kwapani kama mwizi. Mezani kulikuwa na sahani moja imefunikwa. Ya pili imeoshwa, imeinamishwa kwenye beseni. Mama alikuwa amejilaza na wala hakuinuka. Akasema kutoka chumbani kwamba mboga zangu nimezichemsha mpaka zimekufa mara mbili, na maharage hayana chumvi, na nikimaliza nizime taa ya jikoni.

Nikakaa, nikala chote peke yangu, kimepoa, na kweli chumvi hakuna.

Usiache kazi, na usimtume dereva. Hakuna wa kuchukuliwa hapa. Mama yuko kwake.

Dada yako, fundi