Gitaa la Mwanangu Limemtoa Mke Wangu Nyumbani

Jumanne, 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Sijawahi kuandikia gazeti, mimi ni msomaji tu, tena huwa naanza na ukurasa wako kabla ya habari za mpira, na leo nimekaa karakanani juu ya kochi la mteja ambalo bado halina kitambaa, nakuomba unishike mkono maana jambo lenyewe ni la ndani ya nyumba yangu na kila nikiligeuza sioni pa kuanzia.

Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Mwaka jana tulifiwa na kijana wetu, tulikuwa naye mmoja tu, aliumwa kifua siku chache, tukaenda naye hospitali akitembea mwenyewe na kunisimulia habari za kundi lake la muziki njia nzima, tukarudi na viatu vyake mkononi. Alikuwa anapiga gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene, katika kundi la vijana wanaopiga roki wanayoiita progresivu, muziki ambao mimi kwa kweli sikujua kichwa chake wala miguu yake, maana wimbo unaanza polepole kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu unakimbia, halafu unabadilisha hatua katikati ya safari bila kumwambia mtu. Mama yake alikuwa akimtania, "Wimbo gani huu, mtu akitaka kucheza anajikwaa?" Naye anajibu, "Si wa kucheza, mama, ni wa kusikiliza." "Haya, basi miguu yangu itakaa nje." Tulicheka sana nyumba ile, Shangazi.

Baada ya msiba gitaa lilibaki limeegemea ukuta sebuleni, hakuna aliyeligusa, na mimi nilikuwa nalipita kama mtu anavyompita mgeni aliyelala, mpaka siku moja nikaiwasha simu ya kijana nikakuta amejirekodi akifanya mazoezi. Nikaweka spika za masikioni, nikasikiliza peke yangu. Tangu siku hiyo najifunza. Usinicheke. Besi kwa kawaida inachunwa kwa vidole vya mkono wa kulia, lakini yeye mikono yote miwili alikuwa anaipandisha kwenye shingo ya gitaa, mmoja huku mwingine kule, anagonga uzi kwa ncha ya kidole mpaka uguse vile vyuma vya shingoni, na kila kidole kinatoa sauti yake, ukifumba macho utadhani wamekaa watu wawili wanajibizana. Kuna kiutepe cha mahameli alichokuwa amekifunga juu kabisa ya shingo, alikiokota kwenye mabaki ya karakana yangu, nikadhani ni pambo la vijana, kumbe ni cha kuzinyamazisha nyuzi zisivume ovyo mtu anapogonga. Vitu kama hivyo ndivyo nimekuja kuvijua baada ya kumzika.

Anayenielekeza ni rafiki yake, mpiga ngoma wa kundi, wenzake wanamwita Kisigino kwa jinsi anavyolikanyaga lile goma kubwa, mchana anaziba pancha jirani na karakana yangu. Huja jioni na mikono myeusi ananiambia, "Mzee, usiponde, gonga. Hilo siyo kochi." Wimbo wenyewe hesabu yake ni saba, siyo nne kama nyimbo tulizozoea, unahesabu mbili, mbili, tatu, unarudia, na vidole vyangu vimeota sugu kwa nyundo na misumari midogo ya kazi hii, uzi siusikii vizuri, lakini nimeng'ang'ana, nikachora alama za chaki kwenye shingo nisipotee, na sasa kile kipande cha kwanza nakipiga kama kilivyo kwenye simu. Nikikipiga, Shangazi, naona jinsi alivyokuwa akiung'ata mdomo wa chini anapohesabu.

Sasa tabu ni hii. Nikifunga karakana narudi nyumbani, naoga, nakaa sebuleni napiga bila kuunganisha spika, polepole tu, wakati mke wangu yuko jikoni anaandaa chakula cha jioni. Mwanzoni aliendelea kupika. Halafu akawa anagongesha masufuria. Siku moja akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza, "Kwa nini unaishia hapo kila siku?" Nikamwambia ndipo nilipofikia. Akasema, "Unaishia hapo makusudi." Sikuelewa, nikamwambia mama fulani punguza hasira, akarudi jikoni akazima jiko, hatukula. Kesho yake nikakuta alama zangu za chaki zote zimefutwa, gitaa limepanguswa vumbi mpaka kwenye kona, limelazwa chali kama kijana alivyokuwa akililaza, na yeye ameshaenda kwa mdogo wake. Mdogo wake ndiye aliyenipigia simu. "Shemeji, dada anasema atarudi mwisho wa mwezi, na asilikute hilo gitaa. Akilikuta, anageuza."

Na sasa nikuambie jambo ambalo hata Kisigino sijamwambia. Kwenye ile rekodi hamna gitaa peke yake. Kijana anapiga, anafika pale wimbo unapogeuka, mara unasikia sauti ya mama yake kutoka jikoni: "Wewe! Chakula kinapoa!" Kijana anaacha kupiga, anasema, "Nakuja, mama, namalizia kipande hiki tu." Na mke wangu anajibu kwa sauti kubwa, kama wamama wanavyojibu, "Namalizia, namalizia! Utamalizia kaburini!" Kijana anacheka, kile kicheko chake cha puani, na rekodi inakatika. Haukupita mwezi tukamzika.

Mke wangu hajui kama rekodi hiyo ipo. Nimeificha, natembea na ile simu kwenye mfuko wa shati, maana akiyasikia yale maneno kwa masikio yake naamini atavunjika na sitaweza kumwunga. Ndiyo maana nasikiliza kwa spika za masikioni. Kisigino naye ananisukuma, anasema, "Mzee, wimbo haujaishia hapo, kuna kipande cha kushuka, kitamu hicho, nitakufundisha," nami namkatalia, kwa sababu kile cha kushuka sikukisikia kwa mwanangu, na naona nikipita pale nitakuwa nimemwacha nyuma.

Kundi limepata mpiga besi mwingine, hana chombo, Kisigino ananiambia wakipewa lile gitaa watalitunza, na nimemwambia aje alichukue Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu nimwambie hivyo silali vizuri, jana nimeshona kitambaa cha mteja kikiwa upande wa ndani nje. Nikilitoa gitaa nampata mke wangu na nampoteza mtoto kwa mara ya pili, nikilibakiza nakaa na gitaa ndani ya nyumba isiyo na mtu. Kitoke kipi, gitaa au mke? Na hiyo rekodi niifute kabisa asije akaikuta? Nisaidie, Shangazi, nami si mtu wa maneno mengi, leo tu.

Fundi Makochi

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, marahaba, na pole sana. Pole yangu ni ya kweli, ipokee kwanza, maana nikimaliza kuitoa nitakukaripia.

Usifute kitu. Ukiwa unasoma hapa na kidole chako kiko kwenye hiyo simu, kiondoe.

Umeniuliza nani atoke, gitaa au mke. Hilo swali ni lako, siyo la mke wako. Yeye alisimama mlangoni na mwiko wake akakuuliza swali zuri kuliko lako, na wewe ukampita. Hakukuuliza kwa nini unapiga. Alikuuliza kwa nini unaishia hapo. Mteja akikuletea kochi akasema linamchoma mahali fulani, huwa unalikata miguu? Si unapapasa palepale alipokuonyesha?

Unadhani hajui alichosema siku ile? Baba, aliyetamka hasahau. Wewe umeisikia ile sentensi kwenye simu. Yeye aliitoa kinywani mwake, na haukupita mwezi akasimama kaburini. Amekaa nayo mwaka mzima na hajamwambia mtu, hata wewe mume wake. Halafu kila jioni, saa ileile ya chakula, yeye akiwa jikoni palepale, wewe unakaa sebuleni palepale, unapiga mpaka kwenye sauti ileile, unanyamaza. Huo ukimya wako unajua ndani yake mna nini? Ndiyo zamu yake ya kujibu. Unaogopa asije akayasikia yale maneno mara moja, na umemsikilizisha kila siku. Hukukusudia, najua. Lakini yeye atajuaje, na wewe umeziba masikio?

Sasa sikiliza jambo ambalo limenifanya niiweke barua yako mbele ya zote. Umeandika kwamba kijana alicheka. Mke wako alikuwa jikoni, na masufuria yake, na moto wake. Una hakika alikisikia hicho kicheko? Cha puani, umesema mwenyewe. Mimi nina wasiwasi kwamba hakukisikia. Mwanamke amebeba maneno yake bila jibu lake, na jibu limo kwenye mfuko wa shati lako. Unamficha dawa ukidhani ni sumu. Hapo umekosea, Fundi, na nakwambia bila kupaka mafuta.

Na wewe mama, kama gazeti hili limefika kwa mdogo wako: hakuna mama asiyewahi kusema neno kama lile akiwa ameshika mwiko. Mimi wangu nimewaambia mabaya zaidi, na wako hai wananiomba nauli. Ugonjwa haukusubiri ruhusa ya ulimi wako. Ila na wewe, kumtuma mdogo mtu aseme yaliyo moyoni mwako, hapana. Mume wako hasomi mawazo. Umemfutia chaki ukitaka aelewe nini?

Fundi, kuhusu ile chaki. Anayelichukia gitaa hulivunja, au hulitupa nje mvua ilinyeshee. Huyu amelipangusa mpaka kwenye kona akalilaza kama mtoto wake alivyolilaza. Halafu unaniambia analitaka litoke.

Fanya hivi. Kwanza mtafute kijana anayejua mambo ya simu aihamishe hiyo rekodi mahali pengine pawili, maana simu hufa bila kuaga. Kisha nenda mwenyewe kwa shemeji yako. Usimtume Kisigino, usipige simu, usiende na gitaa. Mwombe shemeji awaachie sebule. Mwambie mke wako kwamba rekodi ipo, na umwambie yote yaliyomo, na maneno yake yamo, na kwamba kijana alicheka. Mwambie kabla hajasikia, usimshtukize na sauti ya marehemu kama mtu anayetegea panya. Akisema hataki kusikia, irudishe mfukoni na usiguse habari hiyo mpaka aitaje yeye. Akisema anataka, msikilize pamoja, sauti itoke nje. Hizo spika za masikioni ziache nyumbani. Atalia. Mwache alie, na wewe lia, umechelewa.

Kisigino mwambie Jumamosi asije kuchukua kitu. Aje kufundisha. Fanyieni mazoezi karakanani, siyo sebuleni, siyo saa ya chakula, na usirudi nyumbani na gitaa mpaka uwe umepita pale unapokwama. Unasema ukipita utamwacha nyuma. Fundi, kijana mwenyewe alisema anamalizia. Basi mmalizie. Hicho kipande cha kushuka ni chake pia, alikipiga mara nyingi na wenzake wanakijua, hakikuingia tu kwenye simu. Kama vidole vina sugu, gonga hivyohivyo, ukikosea hesabu ya saba anza tena moja.

Na mke wako akishayajua yote haya bado akasema gitaa lisilale nyumbani kwake, litalala karakanani, utalifunika kitambaa kizuri, na hutanung'unika. Nyumba ni ya wawili.

Usingoje mwisho wa mwezi. Funga karakana mapema kesho, mteja wa kitambaa cha ndani nje atakusamehe. Na mkikaa kumwombea kijana wenu, mnikumbuke na mimi.