Sasa Nyumba Yetu Ina Namba

Nyumba Namba 34,
Uchochoro wa Mshona Viatu.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba,

Kabla hujaendelea, rudisha macho juu kulia. Umeona? Soma tena, taratibu. Hiyo ni anwani, na ni yetu. Si "kwa mkono wa mwalimu mkuu" wala "mpe mwenye duka, atamfikishia". Nimeiandika mwenyewe, na nakiri niliijaribu mara tatu kwenye karatasi ya kukatia mitindo kabla ya kuiweka hapa, kwa raha zangu tu.

Sasa salamu. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili ninaowajua kwa picha, wameshaanza kukushinda urefu? Kifua chako je, na moshi wa kuchomelea vyuma? Sisi ni wazima. Mama pia ni mzima, na neno hilo nimeliandika huku nikimtazama, maana ana habari yake nitakayoifikia. Usiruke mistari kuitafuta. Nakujua.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu tunasalimiana, tunaulizana mvua, na kila nikilikaribia jambo lenyewe mtandao wako unakatika. Mwaka wa tisa huu mtandao unakatikia pale pale. Karatasi haina mchezo huo.

Habari yenyewe ni ya binti yako. Yule Maswali uliyetuletea akiwa na miaka mitatu, baada ya mama yake kufariki, ambaye siku ya kwanza tu aliniuliza kwa nini cherehani inakula uzi mwingi na hainenepi. Ana miaka ishirini sasa, yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu, na maswali hayajapungua hata moja. Nimeishi naye siku zote hizo nikidhani namfahamu. Mdogo wangu, nilikuwa sijui ninayeishi naye.

Chuoni kwao kila kikundi cha mwaka wa pili huchagua tatizo moja la mtaani na kulishughulikia pamoja na wenye mtaa wao. Mwalimu hawapangii. Wengi walichagua kufagia. Walifagia asubuhi, wakapiga picha mchana, jioni taka zikarudi mahali pake. Sisemi kwa ubaya, kufagia ni jambo jema. Lakini Maswali na wenzake wanne walikuja na daftari tu, bila fagio wala koleo, nikasema moyoni kwamba hawa ndio wavivu wa darasa.

Walikuwa na swali moja, wakalipeleka mlango kwa mlango: "Mgeni asiyekujua akija, unamwelekezaje?" Majibu yake ungeyasikia ungevunjika mbavu. Fundi redio alisema mgeni apite pale penye ukuta wa bluu, na ukuta ule ulibomolewa wewe ukiwa bado hapa. Muuza mkaa akasema afuate harufu ya mikate, na tanuri la mikate lilifungwa zamani. Jirani yetu wa nyuma akasema amuulizie Mama Mapacha, ambaye alishahama, na mapacha wenyewe sasa wana watoto. Katika kikundi kuna kijana mmoja waliyemwazima chuo cha jirani, anayesomea upimaji wa ardhi, tunamwita Miwani. Alikaa barazani kwangu akajumlisha: nyumba mia mbili na kumi, na zaidi ya nusu zinaelekezwa kwa vitu visivyopo tena. "Shangazi," akaniambia, "mnajuana vizuri sana hapa. Asiyewajua ndiye hana njia." Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Wakaitisha mkutano ili wenyewe tuamue vichochoro viitweje. Sharti lao lilikuwa kwamba jina liwe la kitu ambacho mgeni atakiona kwa macho yake, au la mtu ambaye bado yupo kazini mahali hapo. Walitugombanisha hao, usiseme. Kuna uchochoro uliamua kujiita Bomba Bovu, na wiki iliyofuata, kwa aibu, wenye bomba wakaja kulitengeneza. Sasa bomba ni zima na jina limekataa kutoka. Sisi tulikubaliana haraka, kwa sababu mshona viatu amekaa kwenye ile kona tangu nikiwa na meno ya utoto. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa akaendelea kupiga misumari, lakini nilimwona anapiga pale pale palipokwishapigwa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja amekunja uso, akasema kutoa majina ni kazi ya serikali, si ya wanafunzi. Mimi nilikwishapandisha pumzi nimjibu ninavyojua, lakini Maswali alinitangulia, sauti ya chini, mikono nyuma. "Mzee, hatutoi majina. Tunaandika yale ambayo watu wako wameyachagua, kisha tunakuletea wewe uyapeleke." Mwenyekiti akatafakari, akauliza kama yeye anaweza kupata namba moja. Akaambiwa namba zinafuata mlango, hazifuati cheo. Amepata tisini na saba, na ndiye aliyekwenda ofisi za juu kuipigania ramani kama mali yake.

Vibao walivikata kwenye mabati chakavu ya fundi paa, wakagonga kingo zote zisikate watoto. Rangi ni mabaki ya fundi anayepaka magari, ndiyo maana kila uchochoro una rangi yake, na wetu ni wa njano. Kisha wakakataa kutuandikia. Wao walichora kwa chaki, kuandika ni mwenye nyumba. Nilimwona mshona viatu, ambaye hajawahi kushika kalamu, akiifuata ile chaki kwa brashi, ulimi nje, hadi tatu ikawa tatu na moja ikawa moja. Wanafunzi walisimama pembeni, hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilijifanya natafuta kifungo chini.

Ila kulikuwa na kosa. Chaki ilitoka thelathini na tatu kwa jirani wa kushoto, ikaturuka, ikaendelea thelathini na nne kwa jirani wa kulia. Nyumba ya Maswali, kiongozi wao mwenyewe, haikuhesabiwa. Miwani alitutaka radhi akapendekeza tuwe thelathini na tatu B, mama akamwambia, "Mimi si kipande cha mtu." Nikadhani ni usahaulifu tu, mtu kusahau kuhesabu pua yake.

Haukuwa usahaulifu. Siku hiyo hiyo alasiri nilisikia hodi. Nikaitikia, akaingia Maswali, amevaa kitambulisho chake cha chuo shingoni, daftari mkononi, kwenye nyumba anayoingia kila siku bila hodi. Akavuta kigoda mbele ya cherehani. "Shangazi, wewe nilikuacha mwisho, ndiyo maana hamkuhesabiwa. Mgeni asiyekujua akija, unamwelekezaje?"

Nilikuwa na pini mdomoni na suruali ya mtu mapajani. Nikajibu bila kufikiri, "Ashukie mashineni."

Kitinda, nilizitoa pini moja moja nikaziweka mezani. Wewe unajua. Ndilo neno nililowaambia watu wa gari la wagonjwa siku baba alipoanguka. Mashineni. Mashine ya kusaga ilikuwa imeshahamia ng'ambo ya mfereji mwaka mzima, lakini nani hapa kwetu alikuwa amehamisha ulimi wake? Dereva alikwenda ilipo mashine. Mimi nilimaanisha ilipokuwa. Baba akaisha sisi tukingoja. Na msibani ukasema mbele ya watu, "Dada, baba umempoteza kwa mdomo wako." Sikukujibu wakati ule, na sijakujibu hadi leo, kwa sababu niliona umesema kweli.

Maswali aliliandika jibu langu kama alivyoandika ya watu wote. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ile alikuwa na miaka kumi na moja, nami nilimtuma akasimame mashineni aliongoze gari. Alisimama nilipomwambia, ilipokuwa mashine zamani. Akasikia king'ora kinazunguka ng'ambo ya mfereji, kinakwenda, kinarudi. Hakukikimbilia kwa sababu nilimwambia asitoke hapo hata kidogo. Amekaa na king'ora hicho peke yake muda wote huu, anakula nasi, anacheka nasi, anaosha vyombo.

Kisha akanifungulia daftari. Akanionyesha uchochoro wetu wote, nyumba ishirini na sita, kila jibu kwa mwandiko wake mdogo. Mshona viatu: mashineni. Fundi redio: ukuta wa bluu, halafu mashineni. Mwalimu mstaafu, na usomi wake wote: mashineni. "Shangazi," akasema, "ulisema alichokuwa akisema kila mtu. Angepiga simu yeyote, gari lingekwenda kule kule." Nilisoma mistari yote ishirini na sita, nikairudia. Nimeshona nguo za harusi na za maziko, lakini sijawahi kupewa kitu kilichonitosha namna ile. Nililia mbele ya mtoto, na suruali ya mteja ikalowa.

Asubuhi yake wakafuta chaki kuanzia thelathini na nne hadi mwisho wakaanza upya, wote watano, hakuna aliyenung'unika. Kibao chetu aliandika mama. Tatu yake ni nzuri. Nne yake imekaa kama kiti kilichoanguka, na amekataa katakata irekebishwe.

Sasa habari ya mama. Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, alikuwa anachambua mboga, pumzi ikamkatika. Midomo ikabadilika rangi. Nikashika simu, na nakuambia kweli, kabla ya kupiga niliogopa mdomo wangu mwenyewe. Mwanamke akapokea akauliza mko wapi. Nikasema, "Nyumba namba thelathini na nne, Uchochoro wa Mshona Viatu." Nikasikia kidole kikipita juu ya karatasi. Wanafunzi walikuwa wamepeleka ramani hospitali wakaibandika kwenye chumba cha madereva. Akasema, "Nimeiona. Wanakuja kwa barabara ya shule."

Maswali alikuwa darasani. Hakukuwa na mtoto wa kusimama njiani, wala mtu wa kupunga kitambaa. Nilimshika mama mgongo nikasikiliza. King'ora kilikuja, hakikuzunguka, kikanyamaza. Kisha viatu uchochoroni, vinakuja moja kwa moja, na kijana mwenye begi akasimama mlangoni, akakitazama kibao, akasema, "Thelathini na nne." Hakuwa amemuuliza mtu. Nimewaona wengi wakiingia mlango huo, lakini yule aliponyanyua mguu kuvuka kizingiti nywele zilinisimama. Nilikuwa naangalia kitu ambacho binti yako alikibeba tangu akiwa na miaka kumi na moja, na hapo kilikuwa kinatembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Walimwekea mama hewa pale pale sakafuni, wakamchukua, akalazwa siku nne. Daktari alisema kuchelewa kidogo tu kungetosha kummaliza. Sasa yuko hapa barazani, anapokea wageni na kulalamikia chakula cha hospitali, na kila anayekuja anaonyeshwa ile nne.

Maswali alipofika hospitali jioni ile nilimwambia gari lilivyokuja. Aliuliza swali moja tu: "Lilizunguka?" Nikamwambia halikuzunguka. Akaenda dirishani, nami sikumfuata.

Sikuandiki ili kukulaumu. Uliyoyasema msibani niliyabeba, na mzigo huo daftari limenitua. Nataka likutue na wewe, kwa maana najua neno lile limekuuma wewe kuliko lilivyoniuma mimi, ndiyo sababu hukanyagi hapa. Kila mwaka unasema kazi imekubana, na kazi ikiachia unasema mtaa umebadilika, hata njia huikumbuki. Hilo la njia lilikuwa kweli kidogo, nikawa nakuachia.

Sasa halipo. Shuka barabara ya shule. Uchochoro wa tatu kushoto, wenye vibao vya njano. Mshona viatu atainua kichwa, mpe salamu, usimuulize kitu. Hesabu milango upande wa kulia. Sitakuja kukungoja barabarani, na mwanao pia nimemkataza. Akija mtu na kugonga bila kuelekezwa, tutajua ni nani.

Nisalimie wifi na umwambie gauni lake lipo tayari, kipimo nilikisia kwenye picha. Wabusu wanangu wawili. Mama anakupa radhi zake, na amenituma nikuandikie kwa maneno yake kwamba kifua kimefunguka lakini hakitangoja milele. Maswali anakusalimu. Ana swali, ila anasema atakuuliza uso kwa uso. Mungu akulinde na moto wa kazi, na akurudishe kwa miguu yako mwenyewe.

Ukifika kwenye nne iliyoanguka kama kiti, simama hapo. Ni mwandiko wa mama.

Ni mimi, dada yako nikupendaye hata ukinuna,
Dada Sindano